Fedha Zetu kwa Kampuni ya Rangi

Jumatatu, 3 Machi
Hati ya mkopo inakomaa Ijumaa, siku ya kulipwa. Miezi mitatu imekatika hiyo! Fedha tulizouzia kiwanja cha marehemu Mama, zangu na za Dada, tumeikopesha kampuni ya rangi. Riba inaishinda ya benki kwa mbali. Sehemu yangu nanunulia chumba ninachoshonea — mwenye nyumba anauza, na mnunuzi mwingine keshakuja kupima madirisha.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, mume wa Dada, kapita na karatasi mpya. Yeye ndiye dalali aliyetuingiza. Eti tusaini, tuongeze miezi mitatu, riba inapanda. Wote wanaongeza, hakuna anayedai taslimu. Nikamuuliza, wakishindwa kulipa tunashika nini? Kacheka. Hati haina dhamana, ndiyo maana riba tamu. Na mimi nilidhani ghala lao la rangi litauzwa tulipwe! Kumbe tumeshika jina la kampuni tu. Sisaini ng'o.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kapiga simu. Eti nimemwaibisha mumewe, na mimi tangu utotoni ni mtu wa wasiwasi. Imeniuma. Lakini hati ina majina mawili. Bila saini zote mbili hawaongezi hata siku moja. Nimepiga pasi gauni la kijani. Siendi pale kinyonge.

Ijumaa, 7 Machi
Naandikia hapa hapa mapokezi ya kampuni. Mhasibu kaniletea chai, biskuti — na kalamu! Nikamwambia chai nakunywa, kalamu abaki nayo, nataka fedha. Kasema leo ni vigumu, wanasubiri wawekezaji wapya. Kwa hiyo mimi nalipwa na anayeingia? Jasho linamtoka na feni inazunguka.

Nimesema siondoki.

Dada na Shemeji wamefika. Shemeji kanong'ona na mhasibu, kisha kamwambia Dada asaini kwanza, mimi nitalainika tu. Dada kashika kalamu. Kamuuliza mumewe, na hati yako wewe umeiongeza? Shemeji katazama dari. Kasema fedha zake alizitoa mwezi uliopita, kulikuwa na dharura.

Dharura gani? Dada hajauliza. Karudisha kalamu mezani, kavuta kiti kando yangu, kanywa chai yangu yote bila kuomba. Nafurahi mno!

Mhasibu anasema leo wanafunga mapema. Dada anavua viatu.