Baba Skola, Simu Yako Tumeifungua

Basi yule fundi wa simu akaishika simu yako, akaigeuza mgongo, akaigeuza tumbo, akasema, "Bibi, hii dawa yake ni kuflashi tu." Nikamuuliza kuflashi ndiyo nini. Akasema ni kufuta vyote vilivyomo, simu inabaki kama imetoka dukani leo. Nikamwambia, baba, naomba simu yangu. Nikaifunga kwenye pindo la kanga nikatoka. Skola binti yako akabaki pale anamwomba fundi msamaha, eti mama bado ana uchungu. Uchungu ninao, sikatai. Lakini mle ndani kulikuwa na sauti yako, Baba Skola, na mtu ananiambia dawa ni kufuta.

Anayeandika ni mkwe wako Anastazia. Nimemwambia aandike hivi hivi ninavyosema, asinitengenezee maneno ya shule. Tumekaa hapa nje Kabungu, tunachambua maharage, yeye kaacha kuchambua kwa ajili ya karatasi, kwa hiyo nachambua mwenyewe huku nasema. Mahindi uliyoyapanda tuliyavuna sisi. Yametoka vizuri upande wa mtoni, kule juu nyani wamekula. Yule jogoo wako mkorofi tulimchinja siku ya kuanua tanga, usinune, wageni walikuwa wengi.

Sasa narudi kwenye simu.

Unajua mimi hiyo simu sikuipenda tangu Skola alipokuletea. Ulikuwa na kitochi chako kizuri, kina vitufe, ukibonyeza kinakujibu, unajua umebonyeza. Kikaanguka kwenye ndoo ya asali. Ulipokitoa kiliita siku mbili kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kikafa. Skola akasema baba sasa unapata ya kisasa. Ya kisasa gani? Unaigusa kama unagusa mtoto aliyelala. Ukiigusa kidogo haisikii, ukiigusa sana inafungua mambo ambayo hujayaomba. Chaji ya kitochi ilikuwa inakaa wiki, hiyo asubuhi imejaa, jioni imelala. Na meseji zake. Umeshinda, bonyeza hapa. Bando lako linaisha, nunua lingine. Nani kawaambia mimi nataka kushinda? Na lile bando lenyewe linaishaje wakati simu imekaa mfukoni mwa mtu yuko shamba? Nimemuuliza Anastazia, anasema linajila lenyewe. Kitu kinajila chenyewe na mnakinunua tena.

Na mimi vidole vyangu havikubali. Siku ile ya kusajili laini, si tulikuwa wote? Yule binti alijaribu vidole vyote kumi. Akanifuta na kitambaa, akanipaka mafuta, akanifuta tena. Akasema, "Bibi, vidole vyako havisomi." Wewe ukamjibu, "Mwenyewe hajasoma, vidole vitasomea wapi?" Foleni nzima ilicheka. Wewe ulikuwa unasema neno moja kwa wiki, lakini hilo moja unalitoa mbele za watu. Jembe ndilo lililokula hizo alama, siyo mimi nimezificha.

Ulipoondoka, simu ikabaki kwenye kikapu chako cha dawa. Kwanza nilikuwa nakupigia. Najua ni ujinga. Nilimwambia Anastazia apige, nisikie tu ikiita mle kwenye kikapu, kama vile uko ndani unajichelewesha kutoka. Ikaisha chaji, akaanza kujibu yule dada wa mtandao kwamba namba haipatikani. Ana heshima lakini hamalizi, hasemi utapatikana lini. Nikakataa kupiga tena.

Ndipo Anastazia akaniambia kwamba uliwahi kumwomba akufundishe kurekodi sauti. Eti ulimwambia asiniambie. Mimi nikajua hapo hapo, huyu mzee kajirekodi, katuachia maneno. Maana ulikufa bila maneno, Baba Skola. Ulisema kifua kinabana, ukaomba maji, maji yakakukuta umelala. Wengine wanaaga watoto mmoja mmoja. Mimi niliambiwa "maji". Kwa hiyo hizo sauti nilizitaka kuliko kitu chochote kwenye hii nyumba.

Simu tukaichaji, kumbe umeifunga. Ina madoa tisa, unatakiwa uyaunganishe kwa kidole ndiyo ifunguke. Anastazia akaunganisha hivi, ikakataa. Akaunganisha vile, ikakataa. Ikatuambia tusubiri. Simu inamwambia mtu mzima asubiri, na anasubiri. Skola akaja kutoka Nsemulwa, akajaribu, ikakataa, akasema mama tusisumbuke, twende kwa fundi mjini. Yake imepasuka kioo, anauzia nguo humo kwenye simu, alikuwa ameitaka ya kwako tangu siku ya matanga. Simlaumu. Yeye anaona simu tu. Ndiyo tukaenda, na fundi ndiye huyo wa kuflashi. Skola akanipa mpaka Jumamosi, isipofunguka inakwenda kufutwa. Akasema, "Mama, kitu kisichofunguka ni jiwe tu hilo."

Alhamisi akaja Kasiani, mwenzako wa kurina asali kule pori la Ugalla. Amekuletea, yaani ametuletea, asali ya mizinga yako. Alikwenda kuirina mwenyewe, akasema nyuki hawangoji arobaini. Mzinga mmoja ulikuwa umeoza ukaanguka, akanibebea kifuniko chake niwe nacho. Nikakishika. Nikaiona alama yetu uliyoichonga, ile ya baba yako, inashuka chini, inakwenda kulia, halafu inarudi katikati kwa mshazari. Wakonongo wote wa pori lile wanaijua, hakuna anayegusa mzinga wenye ile alama.

Nikaifuata ile alama kwa kidole, nikairudia. Kasiani akaniuliza kama naumwa.

Nikawaza, huyu mume wangu hajui kuandika. Namba anazijua kwa kuziangalia tu. Hospitali akiambiwa weka sahihi, anachora hiyo alama ya mzinga. Kwenye kikundi chao cha wafuga nyuki, anachora mzinga. Sasa simu imemwambia chora kitu cha kuzuia watu wasiguse, atachora nini? Nikamwita Anastazia, nikamwambia leta hiyo simu. Nikajaribu kwa kidole changu, hainisikii. Nikakilamba, nikajaribu tena, hainisikii. Nikamshika Anastazia kidole chake, nikakiburuta mimi, chini, kulia, nikakirudisha katikati.

Ikafunguka. Kasiani akasema, "Kumbe mzee alitundika mzinga mfukoni."

Tukaanza na picha. Picha zako, mume wangu, sijui ulikuwa unapiga nini. Kidole gumba. Kidole gumba. Mguu wako na kiatu. Mti. Mti ule ule. Mbuzi amegeuka. Halafu sauti, nyingi, zimepangwa. Nikamwambia Anastazia gusa ya kwanza. Nikajifunga kanga vizuri, nikakaa kama mtu wa kanisani.

Ukakohoa. Halafu nikasikia mwanamke anaongea. Anaongea habari za harusi ya mtoto wa jirani, wali ulikuwa na mawe, bibi harusi alinuna, mbona alinuna, hata mimi ningenuna. Nikauliza huyu mwanamke ni nani aliyekuwa na mume wangu. Anastazia akashindwa kunijibu kwa kucheka. Kasiani akasema, "Shemeji, si wewe."

Mimi. Zote ni mimi. Ya pili mimi, ya tano mimi, naongea nikipepeta, naongea nikiosha vyombo, nakugombeza kuhusu viatu vya matope. Wewe umo ndani yake kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. "Enhe." "Kumbe." "Enhe." Basi.

Kasiani akanieleza. Kule kambini Ugalla hakuna mtandao, na mnakaa wiki tatu, nne, watu wazima wanne na moshi. Mkishakula, unatoa simu, unaiweka juu ya kisiki, unaniwasha. Anasema walikuwa wanakuuliza, leo mama yupo? Anasema wanajua habari za Kabungu yote, wanajua nani kanyimana sufuria na nani. Wewe unasikiliza huku unachonga, na pale unapojibu "enhe" kwenye simu, unajibu "enhe" na pale kambini. Mimi miaka yote nilijua unakwenda porini kupumzika na mdomo wangu. Na ulikuwa unasema hivyo. Ulisema mbele ya padri.

Nilicheka, usidhani nilikaa nalia. Kulia nililia jioni, nikimwagilia mchicha.

Jumamosi Skola akaja. Hakuchukua simu siku ile, alisikiliza mpaka giza likawa linaingia, anamaliza moja anaomba nyingine. Baadaye akasema zitawekwa kwenye mtandao, hazitapotea. Nikamwambia mtandao gani, huu ambao tukitaka kuongea na wewe tunapanda kwenye kichuguu? Na akaunti yenyewe inataka neno la siri, mkisahau mnakwenda kwa yule yule wa kuflashi. Tukakubaliana Anastazia azitie kwenye kadi ya ile redio ndogo. Kumbe aliyeuza kadi aliijaza miziki yake. Sasa ukisema "enhe", inafuata ngoma mpaka kuku wanaruka. Nimezoea. Simu kachukua Skola, anauzia nguo, ila alama hajaibadilisha. Anachora mzinga naye.

Nisingekusumbua kwa barua kama yangekuwa hayo tu. Kuna moja, Baba Skola. Iko karibu na mwisho. Naongea habari ya mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mihogo. Unaniita. Unasema, "Mama Skola, kuna jambo nilitaka kukwambia." Kwa sauti ile ya taratibu. Na mimi nasema, "Ngoja kwanza nimalize."

Sikumaliza. Naisikiliza kila siku, sikumaliza. Mbuzi akatoka kwenye mihogo, nikaingia habari ya uzio, kutoka kwenye uzio nikaenda kwa fundi wa uzio na mke wake, wewe ukasema "enhe", simu ikaishiwa chaji, ikakata.

Ulitaka kusema nini? Lilikuwa la kifua? La shamba? Au ulitaka tu chumvi? Nimejaribu kukumbuka siku hiyo, namkumbuka mbuzi. Anastazia anasema mama usijitese, pengine ni jambo dogo. Hata kama ni dogo lilikuwa langu. Ulisema "kukwambia", hukusema kutuambia.

Nimemtumia Kasiani ujumbe huko porini kwa mtu wa pikipiki. Nimemuuliza kama kambini uliwahi kulitaja. Wanaume mkiwa wenyewe mnaongea, hata wewe. Akirudi atanijibu.

Basi pumzika, mume wangu. Kaburi tumelipalilia, saruji tutaweka kiangazi. Sadaka ya misa imetolewa na jina lako limesomwa sawasawa. Nisamehe yule mbuzi. Na mimi nakuahidi hivi, Anastazia liandike vizuri hili, nakuahidi kwamba mtu akiniambia kuna jambo anataka...

Ngoja. Wananiita kule mbele. Mtoto anasema ni Kasiani, ameshuka kwenye pikipiki, anaomba maji na anasema ana maneno yangu. Anastazia, acha hapo. Leta kiti, na hayo maharage yatoe njiani. Nakwenda kukaa mbele yake, na sifungui mdomo mpaka amalize.