Picha ya Nahodha Sakellaris

Jumatano, 20 Novemba 1996

Wageni wawili tu leo makumbusho. Wajerumani, mke na mume. Niliwapa maelezo yote kama kawaida: Pothia, mji wetu wa kisiwani, umejengwa kwa fedha za sifongo la baharini, kila jiwe la kila nyumba. Rangi ya buluu na nyeupe, ya bendera ya Ugiriki, tuliipaka makusudi, kuwaudhi Waitalia walipotutawala. Halafu lilipokuja vazi la kuzamia la mpira na kofia ya shaba, wanaume wakaweza kukaa chini ya bahari muda mrefu, maradhi ya kina yakawaua au kuwalemaza, na wake zao wakaanza kuvaa nguo nyeusi.

Mume akauliza kofia ina kilo ngapi. Mke aliutazama mguu wangu ninaouburura. Wote huutazama huu mguu.

Mvua. Nikafunga makumbusho saa nane. Chakula — dengu za juzi. Tangu mke wangu Irini afariki napika sufuria moja ya siku tatu.

Jumamosi, 23 Novemba

Sevasti, mkuu wetu wa makumbusho, amekuja na habari. Sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, baada ya ibada, tutatundika picha kubwa ukumbini. Nikauliza ya nani.

Nahodha Sakellaris. Kafariki mwaka jana huko Darwin, Australia. Binti yake anakuja nayo.

"Na wewe Ami Mikes utasema maneno mawili. Kati ya watu wa mashua yake umebaki peke yako."

Nikasema nina mafua.

"Sikukuu ni wiki mbili zijazo, Ami. Mafua gani hayo ya kupangiwa tarehe?"

Akaenda zake akicheka. Miaka arobaini na moja sijalitamka jina hilo ila kwa kulazimika.

Jumatatu, 25 Novemba

Upepo wa kusini. Meli kutoka bandari ya Piraeus ilizunguka bandarini mara mbili kabla ya kufunga kamba. Nilikuwa mkahawani — kwa ajili ya kahawa, si kwa ajili ya mtu.

Nikamwona binti akishuka. Miaka hamsini hivi, kidevu cha baba yake, koti jepesi la nchi ya joto. Akasimama mbele ya lile jengo la Waitalia lenye makuba, na mzigo bapa uliofungwa blanketi, akitafuta teksi kama mgeni. Naye alizaliwa hatua mia tatu kutoka pale. Watu wa mezani kwangu wakainuka kumsaidia. Mimi sikuinuka.

Alhamisi, 28 Novemba

Anaitwa Kalotina. Amekuja makumbusho, akalipa tiketi ingawa Sevasti alikataa. Nikamzungusha. Lugha yake ni ya Pothia ya zamani, ana maneno ambayo sijayasikia tangu bibi yangu azikwe. Waliondoka hapa yeye ana miaka kumi.

Akasimama mbele ya kofia ya shaba. Akaniuliza, bila kunitazama, baba yake alikuwa mtu wa namna gani kazini.

Nikasema alikuwa nahodha hodari. Si uongo.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeamua. Nitasema yote. Mbele ya padre, meya, na yeye mwenyewe binti.

Nayaandika hapa kwanza ili ulimi usigome siku ile. Pwani ya Derna, Afrika, Julai 1955. Themelis, mdogo wangu, miaka kumi na tisa. Alikuwa ameshushwa mara ya tatu siku hiyo. Alivuta kamba: nipandisheni. Nahodha Sakellaris akasema mwacheni kidogo, kapu halijajaa. Tukamwacha. Alipopandishwa tukamvua kofia, akaomba sigara. Alikuwa anacheka. Sigara hakuimaliza. Miguu ilikwenda kwanza, kisha pumzi. Tulimzika mchangani, tukasimika kasia badala ya msalaba. Kesho yake asubuhi nahodha akatushusha tena.

Watundike picha yake. Lakini watasikia.

Jumanne, 3 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Kalotina alikuja nyumbani mchana. Kabeba mfuko wa machenza ya bonde la Vathi. Nilikuwa sijanyoa. Nikampa kiti cha Irini, ambacho hakijakaliwa na mtu tangu afariki. Nilitaka kumwambia kabla ya Ijumaa, ni haki ayasikie kwanza kutoka kwangu, si mbele ya watu. Nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Ami, sikuja kwa ajili ya picha. Picha ningeituma kwa posta. Baba amenituma kwako."

Akasema miezi ya mwisho mzee alikuwa hawatambui wajukuu, lakini Themelis alimtaja kila siku. Kwamba siku ile kamba ilikuwa mkononi mwake yeye, Sakellaris. Kwamba mimi nilikuwa nimelala chini ya sitaha, na homa. Kwamba aliusikia mvuto wa kamba na hakuvuta. "Akaniambia: nenda kwa Mikes, muombe msamaha, yeye hakujua kitu."

Akaanza kulia. Aliyekuja kuomba msamaha ni yeye, mtoto aliyekuwa akicheza barabarani hapa wakati ule.

Mimi sikuwa na homa.

Kamba niliishika mimi. Siku zote mimi ndiye niliyemshikia Themelis, hakumwamini mwingine. Nahodha alisema mwacheni kidogo, ndiyo. Lakini viganja ni vyangu. Alivuta, nikausikia mvuto wake mpaka begani, na nikatii. Dakika kumi nzima nilitii.

Nahodha alijua. Tulikuwa wawili tu tuliojua.

Nilimwambia Kalotina machenza ni matamu sana.

Jumatano, 4 Desemba

Sikutoka.

Alhamisi, 5 Desemba

Nahodha alidanganya kwa nini? Kwa kunihurumia? Au uzee ulimchanganya, akaihamisha ile kamba mkononi mwake mpaka akaamini? Ningemuuliza. Miaka yote hii nimemchukia, na sasa namtaka hapa kwa nusu saa tu. Hakuna mwingine wa kuzungumza naye jambo hili.

Nikinyamaza, nimesafika. Ushahidi umeletwa kutoka Australia.

Nimepiga pasi shati. Machenza nimekula yote.

Ijumaa, 6 Desemba

Makumbusho, chumba cha tiketi. Naandika nyuma ya karatasi za maelezo, daftari liko nyumbani.

Ukumbi umejaa. Kanisani nilisimama nyuma, karibu na mlango. Sasa padre anaibariki picha. Ni ya ujana wake, nahodha kasimama kwenye sitaha, mikono mifukoni. Kalotina anapanga maua chini yake.

Sevasti kaja na kalamu: "Nikutambulishe vipi, Ami? Mzamiaji mstaafu? Au baharia wa marehemu?"

Nikasema: "Andika mshika kamba."

"Mshika kamba wa nani?"

"Wa Themelis, ndugu yangu. Safari ya Derna. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho."

Akaandika bila kuinua kichwa, akaenda. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Mlango uko wazi. Kalotina ameacha kupanga maua. Ananitazama. Padre bado anasoma, watu wote wameinamisha vichwa, na yeye anapita katikati yao kuja huku —