Limesimama Wapi?

Saada, nimeaibika. Nimempigia bibi.

Ndiyo, bibi Tupokigwe! Huyo huyo tuliyemzika mwaka jana, wewe ukinishikia mwavuli.

Nilikuwa nawatembeza wageni wangu, watalii, huku msituni, mlima Rungwe. Mmoja akaniuliza jina la jani moja lenye maua meupe. Silijui. Mkono ukaenda wenyewe kwenye simu. Nikaweka na spika, kama zamani.

"Ugonile, bibi," nikamsalimia kwa lugha yetu.

Akaitikia mwanaume! "Bibi yupi? Hii laini yangu."

Laini yake, Saada!! Wageni wakacheka, wakadhani nimekosea namba.

Sikukosea namba. Ni ile ile ya bibi, wameshampa mtu mwingine.

Na badala ya kukata, nikaanza kumwelezea lile jani. Mtu simjui! Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, mimi nauza simenti Mbeya."

Bibi hakuanzaga na jani likoje. Alianza, "Limesimama wapi? Kwenye maji au kwenye mianzi?" Akishajua linapokaa, jina linakuja.

Wageni wameshaondoka. Nimerudi pale peke yangu, nikasema kwa sauti, "Limesimama kwenye mianzi, bibi."

Nikasubiri jina.