Sahani ya Mlangoni

Nyamirambo, Jumanne, Machi 1992

Sahani yangu imewekwa mlangoni tena. Wapangaji wenzangu wote wanafuturu pamoja kwenye sinia, mimi nakula peke yangu kama mgonjwa.

Kosa langu ni kusema kweli. Saidi, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliniuliza kazi ninayomfanyia daktari, yule mtafiti wa magonjwa. Nikamwambia tunatega panya wa porini kule bondeni, nami nawachana manyoya juu ya beseni jeupe na kukusanya viroboto. Tangu hapo nikirudi jioni anapaza sauti, akiniita kwa kwetu Ngara: "Jikuneni mapema, Mngara huyo!" Wanacheka. Nami nacheka.

Leo Mama Zaituni, mwenye nyumba, alinijia na paka wake.

"Mwanangu, mjukuu wangu anajikuna usiku kucha. Hebu mtazame huyu."

Nikamchana paka pale uani. Viroboto tele! Hata Saidi alisogea kuona, bega lake likaegemea langu. Sikumbuki mara ya mwisho kuguswa na mtu. Nikajua leo nitaitwa kwenye sinia.

Magharibi sahani ikaja palepale mlangoni. Mama Zaituni ameniongezea kipande cha samaki, basi. Naogopa hata Idi itanikuta hapa.

Daktari husema panya akifa na kupoa, viroboto humhama kutafuta joto.

Paka amenifuata chumbani, amejilaza miguuni pangu. Najua bado ana viroboto. Sijamfukuza.