Jumuiya Wanakuja Kuniombea, na Mie Nilikuwa Bondeni Napiga Picha Maua

Mpendwa Anti Salma, shikamoo, pole na kazi ya kusoma matatizo yetu, nakuomba na langu ulisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana mwanzoni litakuchekesha na mie mwenzio sina raha kabisa.

Nina miaka arobaini na tatu, tunaishi Madale juu mlimani mie na mume wangu Revelian na binti yetu Blessing, kazi yangu ni karani, ofisi iko Mwenge, Jumatatu hadi Ijumaa natoka nyumbani bado giza na nikirudi giza limerudi, kutwa nasikiliza watu wanaonifokea dirishani kana kwamba faili zao nimezila mie. Mwaka jana nikanunua kilenzi cha kubana kwenye simu, kile kinachofanya kitu kidogo kionekane kikubwa, nikakijaribu kwenye ua la bamia nyuma ya jiko, na Anti, kule ndani kuna rangi ya zambarau iliyoiva na unga wa njano, na sisimizi mmoja anapita katikati ya huo unga kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga, na mie bamia nimezipika tangu niko msichana sikuwahi kuyaona hayo, machozi yakanitoka. Nikamkimbilia Revelian nikamwonyesha, akaangalia kidogo tu akasema, "Bamia hiyo. Imeshazaa?" Tangu siku hiyo sijamwonyesha tena.

Sasa tuna kiwanja kingine chini bondeni, hatujakijenga, kimejaa majani, na humo kwenye majani mna kifauwongo chenye vimaua vya duara rangi ya waridi, mna mbigili, mna vile vya buluu vinavyotambaa ambavyo ikifika saa sita vimeshanyauka. Ili uvipate lazima uwahi umande haujakauka, utandike kitenge ulale kifudifudi, uzuie pumzi, maana ukipumua tu ua linatikisika na picha imeharibika. Asubuhi yangu ya bure ni Jumamosi peke yake, na kwa sisi Wakatoliki Jumamosi saa kumi na mbili na nusu ni jumuiya, tunasali kwa zamu nyumba kwa nyumba, basi hapo ndipo nilipoharibu.

Mara ya kwanza nilimpigia mwenyekiti wetu, Mama Marietha, nikamwambia mgongo unanisumbua, na kweli ulikuwa unaniuma kidogo kwa kule kulala chini, halafu Revelian nikamuaga kwamba naenda jumuiya, rozari mkononi, kitenge begani, nikashuka bondeni. Jumamosi iliyofuata nikafanya hivyo hivyo, na sasa ni mwezi wa tatu. Siku moja Revelian aliona viwiko vyangu vina matope akaniuliza, nikamjibu leo tumesali nje, akanipa pole. Huku jumuiya nao wakiniuliza nasema mgongo, wiki jana Bibi Apolonia, mwenye miaka themanini kasoro na magoti mabovu, kanitumia ujumbe wa sauti kwamba kila Ijumaa anafunga kwa ajili yangu. Na juzi Mama Marietha katangaza kwenye grupu la jumuiya kwamba Jumamosi hii wote tunasali kwa Mama Blessing, mgonjwa wetu. Revelian hayumo kwenye grupu. Yeye ndiye atakayewafungulia geti, watampa pole ya kuuguza, naye atawauliza mgonjwa yupi, si nyie mnasali naye kila wiki?

Nimefikiria nijilaze nijifunike shuka, nimefikiria nimpe Revelian safari ya kwa dada yake Temeke siku hiyo. Simu ina picha mia sita na hakuna binadamu aliyeziona. Ila nakwambia mapema Anti, kupiga picha siachi, iwe isiwe, nisaidie hayo mengine yote lakini usiniambie niache.

Mama Blessing, Madale (majina nimebadilisha)

*

Mama Blessing, marahaba. Barua yako nimeitoa chini nikaiweka juu ya zote, maana Jumamosi haitungoji. Nimecheka, ndiyo, hasa hapo kwenye "leo tumesali nje". Halafu nikafika kwa huyo bibi anayefunga, nikaacha kucheka.

Nani kakwambia uache? Isome barua yako mwenyewe, hakuna popote mtu aliyekukataza. Mumeo aliuliza kama bamia imezaa, basi. Jibu la kijinga, nakubali, na linamuuma mtu aliyetoka kulia. Lakini juu ya swali hilo moja umejenga uongo wa miezi mitatu, wa pande mbili, na umemkalisha mzee na njaa kwa ajili ya mgongo mzima. Uliona aibu, mama mzima kulala kwenye majani kwa sababu tu anapenda, ukaona afadhali watu wajue unaumwa kuliko wajue unajifurahisha. Wanawake wengi tunafanyaga hivyo. Hilo ndilo la kuacha.

Shuka lirudishe kabatini. Ukijilaza utaombewa upone, na wiki inayofuata itabidi ama uendelee kuumwa ama usimame utoe ushuhuda wa muujiza. Na Revelian ukimpeleka Temeke, atarudi.

Leo jioni, akishakula, kaa naye. Usianze na maua, anza na "nimekudanganya", kisha umweleze ulikuwa wapi. Mwanaume anayeambiwa mkewe alikuwa bondeni asubuhi na mapema kwa miezi mitatu, swali lake la kwanza unalijua. Hapo ndipo umpe simu. Picha zote mia sita zina tarehe na saa. Mwache aziangalie, hata kama atachoka kwenye ya kumi.

Kesho ukitoka kazini, hata kama ni giza, pita kwa Bibi Apolonia. Mimi ni Mwislamu, mambo ya jumuiya zenu nimeulizia kwa jirani, lakini kufunga nakujua. Mtu aliyekaa na njaa kwa ajili yako haombwi radhi kwa ujumbe. Kaa chini mbele yake, umwambie Ijumaa hii ale. Akikusema, mwache akuseme mpaka amalize. Ukitoka hapo mpigie Mama Marietha afute hilo neno mgonjwa, ila waje kama walivyopanga.

Kuhusu asubuhi zako, huyo huyo jirani kaniambia Jumapili kuna misa ya kwanza na ya pili. Nenda ya pili. Umande hauanguki Jumamosi peke yake, na Jumamosi uwe jumuiya, kwa kuwa hao ndio watakaokuja siku ukiumwa kweli.

Wakifika, geti fungua wewe. Simama wima, na kabla hawajakaa waambie, "Siumwi, nilikuwa kiwanjani napiga picha maua, na niliwadanganya." Watakaonuna wanune, ni haki yao, wewe wape chai. Kisha Jumapili beba kitenge chako ushuke bondeni, na ukiulizwa unakwenda wapi, sema unakokwenda.