Mimi Nitakaa Nyuma

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwaga oili tena. Ile ya juzi ilikuwa bado safi. Fardowsa alisimama mlangoni akaniangalia nimelala chini ya pikipiki, kisha akarudi ndani. Mke wangu ananijua. Nikiogopa nafungua nati.

Tuko watatu. Hassan, mwenye duka la vipuri, ndiye mwenye wazo. Mutua ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Kitui, miaka tisa sasa yuko Garissa. Na mimi, mchanja mifugo wa soko la ng'ombe. Tunataka kwenda Wajir, Elwak, Lafey, hadi Mandera, kwa pikipiki, shule zikifungwa. Tumeizungumza safari hii mwaka mzima tukinywa chai, na mradi ilikuwa ya kuzungumza tu, niliipenda sana.

Leo Mutua kanunua helmeti mpya. Ndipo nikajua kwamba hawatanii.

Jumatano, 16 Julai

Tumefunga madumu. Maji kushoto, petroli kulia. Pikipiki imekuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Hassan akapanga msafara: yeye mbele, Mutua katikati. Mimi nikajitolea kukaa nyuma. Nilisema pikipiki yangu ni nzito, nisiwacheleweshe.

Uongo. Wa nyuma huona vumbi la wenzake likisimama. Anapata nafasi ya kugeuza.

Halafu jambo la Mutua. Hakuna asiyejua yaliyowahi kutokea kwenye barabara za huko juu. Gari linasimamishwa, abiria wanatenganishwa, asiyeweza kutoa shahada ya Kiislamu anauawa. Mutua ni Mkristo, tena mwanakwaya. Nimemwomba abaki. Akasema, "Nimefundisha watoto wa huku miaka tisa, na sijawahi kuona wanakotoka. Nikihamishwa kesho nitasema niliishi wapi?"

Hassan ndiye aliyepata dawa: tumvishe kikoi, tumfundishe shahada, basi. Kazi ya kufundisha nikapewa mimi.

Anajifunza upesi. Masikio ya kwaya. Kufikia magharibi alikuwa anaitamka vizuri kuliko Hassan.

Alhamisi, 17 Julai

Nimechanja mbuzi kutwa, wawili nimewachanja mara mbili. Mwenye mbuzi kaniuliza kama naumwa.

Nimewaza sana kuhusu Lafey. Sijawahi kufika. Naiona tu kichwani: barabara nyeupe, vichaka, halafu mtu anatoka kichakani.

Fardowsa aliuliza nimemfundisha Mutua nini hasa. Nikamwambia. Akaendelea kukoroga unga wa anjera, mikate yetu myembamba. Mwishoni akasema maneno yale si ya kuazimana. Nikamwambia ni ya kuokoa maisha. Akauliza, ya nani?

Sikumwelewa. Au sikutaka.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika yote, nisije nikaanza kuyapamba.

Leo tulifanya majaribio kwenye barabara ya Masalani, na mizigo yote. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Upepo mkali, vumbi hadi kwenye meno. Mutua alianguka mchangani akaamka anacheka. Hassan alikuwa ametangulia mbali, haonekani.

Kwenye kona, mwanamke kasimama katikati ya barabara, mkono juu. Nyuma yake wanaume wawili. Bunduki mabegani. Nyuso zimefungwa vitambaa, macho tu yanaonekana.

Nilisimama mbali. Nilisimama mbali sana, na gurudumu la mbele nilikuwa nimeshaligeuza. Mutua alikuwa karibu, hakuweza kugeuka, akasimama mbele ya yule mama. Kabla mama hajafungua mdomo, Mutua akainua kidole akatoa shahada. Yote. Kwa ile sauti yake ya kwaya. Hakukosea hata herufi.

Kisha yule mama akapiga vigelegele.

Wanaume wakashusha vitambaa. Walikuwa kaka zake, wachungaji wa ngamia, wamejifunga sababu ya vumbi. Bunduki ni za kulinda mifugo. Wakamkumbatia Mutua, "takbir" juu ya "takbir". Mama mwenyewe alitusimamisha kwa sababu gari linalochukua maziwa yake halikuja, na jua likipanda yataharibika. Alitaka kuomba tumpelekee madumu mjini. Hayo tu. Hakuna aliyeuliza dini ya mtu.

Namjua. Eedo Dahabo, kila mtu soko la maziwa anamwita hivyo, shangazi. Aliamini kwamba moyo wa Mutua umefunguka palepale, mbele yake. Alilia. Alivua tasbihi yake akaivisha mkono wa Mutua. Akampa jina, Abdirahman. Akatumiminia maziwa ya ngamia, ya moto bado.

Mutua aliniangalia juu ya ukingo wa kikombe. Alikuwa ananingoja niseme kitu. Wa kusema Kisomali ni mimi, wa kueleza ni mimi.

Nilikunywa maziwa yangu.

Jumapili, 20 Julai

Tulipopeleka madumu jana, wanawake wa soko la maziwa walishajua. Dahabo alikuwa amepiga simu. Tulipokewa kwa vigelegele kabla hatujazima injini.

Leo Mutua kaenda kanisani. Kiongozi wa kwaya kamwambia apumzike kwanza, hadi jambo lake lieleweke.

Jumanne, 22 Julai

Habari imeenea kama moto wa nyasi. Wazazi wanampelekea Mutua pongezi shuleni. Mmoja kamletea kanzu, imepigwa pasi. Mwingine anataka kujua ataanza lini darasa la jioni msikitini.

Naogopa kuliko nilivyoiogopa Lafey. Maneno yale ni mazito. Ukiyatoa mbele ya mashahidi, kisha useme hukumaanisha, watu watasema umeifanyia dini mzaha. Na watakuwa na haki ya kukasirika. Mutua anaishi peke yake, chumba cha uani, mlango wa mabati.

Nimepita kwake mara mbili kuangalia kama yuko salama. Mara zote mbili sikubisha.

Alhamisi, 24 Julai

Tulikutana dukani kwa Hassan. Mutua kaweka tasbihi mezani katikati ya vikombe.

Hassan anaona tumeokota dodo. Alisema, "Wasee, hii ni bahati. Jina anayo, kanzu anayo, mashahidi wako. Acha ikae hivyo hadi turudi kutoka Mandera." Alisema kwa roho safi kabisa, hiyo ndiyo shida ya Hassan. Hana ubaya wowote, na hafikirii.

Mutua alinigeukia mimi.

"Sikuyasema kwa moyo, na wewe ulijua. Mbona ulinyamaza?"

Nikasema bunduki zilinishtua. Akasema walikuwa wameshaziweka chini, walikuwa wanatumiminia maziwa. Kisha akachukua tasbihi na kuondoka. Chai yake ilibaki nzima. Sijawahi kumwona hivyo tangu nimjue.

Hassan akaniuliza kama bado tunakwenda.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeswali msikiti wa mbali, nisiulizwe habari za Abdirahman. Mtu mzima, namwomba Mola wangu kwa kujificha mitaa ya nyuma.

Jioni Mutua kaleta ujumbe kwa simu. Kesho anakwenda kumrudishia yule mama tasbihi na kumwambia ukweli. Ananiarifu tu, hakuniomba niende.

Nitakwenda.

Jumamosi, 26 Julai

Mutua alitangulia. Mimi nyuma. Hata leo.

Eedo Dahabo alikuwa anafukiza madumu ya maziwa kwa moshi, kaka zake wanafunga ngamia mmoja aliyekuwa anachechemea. Alipomwona Mutua akaacha kila kitu, akaita lile jina. Mutua akavua helmeti, akaishika kwapani. Akasema yote kwa Kiswahili chake cha darasani, polepole. Kwamba yeye ni Mkristo. Kwamba aliona vitambaa na bunduki akadhani anakufa. Kwamba maneno yale alifundishwa kwa ajili ya siku kama hiyo, na hakujua kwamba kuna mtu atayalilia. Akanyoosha tasbihi kwa mikono miwili, akaomba radhi.

Mmoja wa kaka zake akatema mate, akaenda zake kwa ngamia. Yule mwingine alibaki. Bunduki ilikuwa imeegemea dumu, hakuitazama. Mimi niliitazama sana.

Dahabo akauliza nani alimfundisha. Mutua angeweza kunionyesha kwa kidole, nilikuwa pale pale. Hakufanya hivyo.

Nikasema ni mimi.

Hapo akanigeukia. Angeweza kunisema kwa Kisomali, tukamalizana. Alichagua Kiswahili, ili Mutua asikie.

"Hii mtu alikuwa na sababu ya kuogoba," alisema. "Wewe uliogoba nini? Si ungesema tu, hii ni mgeni yangu? Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi. Nyuma, gurudumu limegeuzwa.

Kila mtoto wa huku anajua neno hilo. Ukisema mbele ya watu kwamba huyu ni mgeni wangu, umeweka shingo yako mbele ya yake. Anayemgusa amekugusa wewe na ukoo wako wote. Ndivyo wageni walivyopita nchi hii kabla ya barabara na kabla ya polisi. Najua pia kwamba wale wa porini wanaotenganisha watu hawajali mambo ya mgeni. Dahabo anajua kuliko mimi. Lakini neno lile husemwa na mtu aliyesimama mbele. Sikulisema, sikulifikiria hata, kwa sababu ningelazimika kusimama pale. Nilimpa Mutua shahada ili asinihitaji. Hilo ndilo lililokuwa swali la Fardowsa, maisha ya nani.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Dahabo akachukua tasbihi yake, akaivaa. Alinuna, hakuficha. Alisema wanawake wa sokoni atawaambia mwenyewe, na atawaambia kosa ni la nani. Kisha akamimina maziwa kikombe kimoja tu, akampa Mutua. Alisema mgeni ni mgeni. Mimi sikupewa, na nilistahili.

Tulipokuwa tunaondoka akauliza kama bado tunakwenda huko juu. Mutua akasema angependa. Dahabo akatoa simu kifuani, akampigia dada yake anayeuza maziwa Wajir. Alizungumza kwa sauti ya kugombana. Nilisikia: pikipiki tatu, mgeni wetu mmoja, na mwingine mwoga.

Jumatano, 30 Julai

Wiki mbaya. Sokoni mzee mmoja wa ng'ombe kanisimamisha mbele za watu, akaniambia tunachezea dini. Sikubisha. Nilimwambia nimetubu, aniombee. Alikwenda bila kuitikia.

Kuna vijana hawamsalimii tena Mutua. Ile kanzu kairudisha, mzazi kaipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Lakini nimesikia Dahabo alikuja mjini jana akawakaripia watu soko la maziwa hadi wakaomba yaishe. Jina langu lilitajwa sana.

Usiku silali vizuri. Kila mlio wa bati nadhani ni kwa Mutua.

Jumapili, 3 Agosti

Mutua kaimba leo. Walimrudishia nafasi yake bila maneno mengi. Ameniambia waliimba vibaya wiki zile, hakuna wa sauti ya chini. Alicheka kidogo. Kicheko cha kwanza tangu Masalani.

Tulikaa kwa Hassan kupanga upya. Nikasema tutafika Wajir kwa dada yake Dahabo, tuulizie hali ya njia. Wakisema ni mbaya, tunarudi, na Lafey itabaki Lafey. Hassan alilalamika sana. Mutua akasema ni sawa.

Kisha nikasema mimi nitakaa mbele. Hassan akauliza pikipiki yako si nzito? Nikasema nzito ndiyo vizuri, tutakwenda polepole. Mutua akaendelea kukaza nati ya fremu ya dumu lake.

Kikoi tumekiacha. Atavaa suruali yake na ile fulana ya kwaya, ya kijani.

Nimewaaga wazazi wa Fardowsa kwa simu. Fardowsa hakulia. Aliniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo, sana. Akasema afadhali.

Jumatatu, 4 Agosti

Alfajiri. Nimeswali. Oili sikuigusa.

Mutua keshafika, yuko uani. Nasikia anaimba chinichini, anafunga kamba. Hassan bado, kama kawaida yake.

Bado naogopa. Naona hata kwenye mwandiko wangu.

Fardowsa kanijazia chupa ya chai. Nimeitoa pikipiki mlangoni, gurudumu la mbele kwanza. Mutua kasogeza pikipiki yake, akanipisha nipite.