Upande wa Kushoto wa Albamu Yetu

Jumatatu, 5 Juni 2006
Studio tena, Hurlingham. Chumba kimoja juu ya saluni. Sheria ni ile ile: haturekodi mpaka Mama Shiro wa saluni agonge dari lake kwa mpini wa ufagio. Akigonga, sauti imetosha. Wazungu wana mitambo ya kupima, sisi tuna Mama Shiro. Leo amegonga mara nne. Mpiga gitaa la kelele hodari kuliko wote Nairobi ni mimi. Tuko wawili tu mji mzima.

Ijumaa, 9 Juni
Mutua, mpiga ngoma wetu, amekuja kutoka Woodley na pamba masikioni. Nimemcheka mpaka nikakohoa. Pamba ni ya maiti, nikamwambia. Akaitoa. Sikio langu la kushoto linalia kama nzi ndani ya chupa. Litaacha.

Jumatano, 14 Juni
Nimepiga dakika kumi nikingoja ufagio. Hakuna. Nikaongeza sauti. Hakuna. Nikaongeza tena. Mutua akanivuta shati: "Buda, Mama Shiro amegonga mpaka amechoka. Yuko mlangoni." Kweli, alikuwa mlangoni, ufagio mkononi, akinitukana. Niliona mdomo tu. Nikamwambia jina lake tutaliweka kwenye jalada la albamu. Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Jumapili, 18 Juni
Nyumbani, Mutuini. Mama aliniita kwa chai kutoka upande wa kushoto. Anasema aliita mara tatu. Anadhani ni kiburi cha mjini. Nimemwacha adhani hivyo. Nzi hajatoka.

Alhamisi, 22 Juni
Nimechanganya sauti za nyimbo zote tisa, peke yangu, kwa hedifoni. Mutua alitaka kusikiliza. Nikamfukuza. Mimi nimefika Kampala na Dar, nimeona studio za watu. Yeye ameona nini zaidi ya Machakos? Upande wa kushoto ulikuwa mnyonge. Nikaupandisha mpaka ukalingana na wa kulia. Kazi safi. CD zimeenda kuchapwa.

Jumamosi, 15 Julai
Gazeti limetuandika! Nusu ukurasa. Eti kusikiliza Misumari, bendi yetu, ni kama kulala kando ya kinu cha kusaga mahindi. Ni sifa hiyo. Halafu mwandishi anasema ujasiri wote uko upande wa kushoto: unapiga mara mbili ya kulia, kama mtu anayekusukuma ukutani. Anauliza nani alibuni hilo. Redioni wakaniuliza pia. Nikasema ni mimi, nilipanga tangu mwanzo. Wakanipigia makofi.
Lakini mimi niliusikia ukilingana.

Jumatatu, 17 Julai
Daktari wa masikio. Akanifungia kwenye kijumba, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Kulia nilibonyeza. Kushoto nilingoja. Nikangoja.
Halirudi, amesema. Na la kulia limeanza safari hiyo hiyo. Onyesho kama letu la Jumamosi hii, moja tu, linaweza kulimaliza.
Tiketi zote zimeisha. Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo humu.

Alhamisi, 20 Julai
Nimemwambia Mutua kila kitu. Sipigi Jumamosi. Akasema, "Na ile pamba ulinifanya niitoe." Nimempeleka kwa daktari yule yule, kwa nguvu. Masikio yake ni mazima. Nililia barabarani kama mtoto. Akauliza, "Sasa wewe ni jiniasi au si jiniasi?" Nikamwambia wa upande mmoja.

Jumapili, 23 Julai
Jana tuliwarudishia watu pesa za tiketi zao. Leo saluni imefungwa, lakini Mama Shiro alinifungulia. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, pamba katika sikio la kulia. Mutua yuko juu na ngoma zake, naye na pamba yake. Nilitazama kioo kikitetemeka, na chupa za mafuta ya nywele zikisogea kidogo kidogo kwenye rafu. Mama Shiro akanipa ufagio. Chupa ya kwanza ilipofika ukingoni, nikagonga dari.
Kioo kikatulia.